Kampuni ya mtu mmoja inatafuta jina

Haya wadau, najua nimekuwa kimya wiki mbili nzima. Sikuugua, sikusafiri, wala sijaoa. Nilikuwa natafuta jina.

Mama asije akaanza kununua vitenge. Si jina la mtoto, ni jina la biashara. Wengi wenu mnajua kwamba pamoja na kazi ya gazeti, jioni na Jumapili huwa nawaandikia watu: hotuba za kumuaga bosi anayestaafu, wasifu wa marehemu, barua za kuomba ufadhili, historia fupi za shule na vikundi vya akina mama. Mshahara wa ripota mnaujua. Kama hamuujui, muulizeni mwenye nyumba wangu.

Sasa nimeamua kazi hii niifanye kihalali, yenye risiti na jina. Unaingia kwenye mfumo wa BRELA, unajaza namba yako ya NIDA, unaendelea vizuri, halafu unafika kwenye kisanduku kinachouliza jina la biashara. Hapo ndipo nilipokwama. Nilikaa mbele ya kisanduku hicho kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita.

Rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo akanipa ushauri kwa simu: "Weka International. Mteja akiona International anaogopa kuomba punguzo." Mwingine akasema lazima iwepo Media, au Solutions, au Consult, ikibidi zote tatu. Kampuni yenyewe, ndugu zangu, ni mimi na kompyuta isiyowaka mpaka ichomekwe ukutani.

Nikaamua kufanya kitu kimoja ninachokiweza. Nikajiuliza: waliotutangulia katika kazi hii ya kuandika kwa kulipwa, walijiitaje?

Wa kwanza kumkumbuka ni Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu. Kama sisi tunaoandikia watu tuna babu, basi ni huyu. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi mwenye hati ya kupendeza. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, wataalamu wa Kizungu waliotaka tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, watu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea yeye awaandikie nakala. Baadhi ya nakala hizo ziko London mpaka leo. Kijuma hakuwa na kampuni. Jina lake ndilo lililokuwa bango lake. Ukitaka utenzi ulioandikwa vizuri, unauliza nyumba ya Kijuma iko wapi, unaonyeshwa.

Lakini Lamu ya Kijuma ulikuwa mji ambao mtu anafahamika kwa mwendo wake akiwa bado mwanzo wa uchochoro. Mimi nipo Dar es Salaam, mji ambao jirani yangu wa ukuta mmoja ananijua kwa jina la "wa chumba cha mwisho". Kwa hiyo nikaenda kwa waliolazimika kujitambulisha kwa watu wasiowajua, yaani magazeti.

Anza na Msimulizi, lililotolewa na wamisheni wa UMCA Zanzibar mwaka 1888. Jina zuri sana, hata leo. Linakwambia kazi yake tu, halijigambi. Baadaye wamisheni haohao wakatoa Habari za Mwezi kutoka Magila, upande wa Tanga. Hapo napo hakuna maajabu: ni habari, na zinatoka kila mwezi.

Kisha serikali ya Wajerumani nayo ikataka gazeti la Kiswahili. Likachapwa shuleni Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na likaitwa Kiongozi. Ona sasa tofauti. Msimulizi anakaa na wewe barazani. Kiongozi ametangulia mbele na wewe unamfuata. Jina moja tu linakuonyesha anayeandika anajiona yuko wapi na msomaji anamweka wapi. Ajabu ni kwamba jina lenyewe halikufa na wenyewe. Mwaka 1950 Kanisa Katoliki likaanzisha gazeti lake Tanganyika, likaitwa Kiongozi vilevile. Wajerumani walishaondoka zamani, jina likabaki, likapata mwenyewe mpya.

Walutheri mwaka 1910 walikuja na Pwani na Bara. Hilo ni jina na ramani kwa pamoja. Waingereza walipochukua nchi nao wakatoa lao, Mambo Leo, mwaka 1923. Jina la kijanja. Ni mambo ya leo, sawa, lakini mambo ya nani? Halisemi.

Aliyesema waziwazi ni Erica Fiah. Huyu alizaliwa Uganda, akaja kuwa mwenye duka hapa Dar es Salaam. Mwaka 1934 alianzisha chama cha kutetea Waafrika na wafanyabiashara wao, akakiita African Welfare and Commercial Association. Jina refu, la suti na tai, la kugongea hodi kwenye ofisi za wakubwa. Miaka mitatu baadaye, 1937, akaanzisha gazeti lake mwenyewe. Hakuliita kwa Kiingereza wala halikuwa na maneno matano. Aliliita Kwetu.

Nimelifikiria neno hili kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuja kutoka Uganda, katika mji unaotawaliwa na watu waliotoka ng'ambo, anachapa gazeti na kuandika juu yake Kwetu. Hakuwa akieleza huduma anayotoa, alikuwa akidai mahali. Na msomaji Mwafrika akilishika mkononi, jina hilo linakuwa lake pia, maana ukilitamka "kwetu" umeshajiingiza mwenyewe. Kama kuna mtu anafundisha namna ya kutoa majina ya biashara, somo la kwanza lingekuwa duka la Bwana Fiah.

Miaka ya 1950 majina yakaanza kupiga kelele. Kulikuwa na Zuhra, la Mashado Plantan, lenye jina la nyota. Kulikuwa na Baragumu na Mwafrika. Likaja Ngurumo mwaka 1959. TANU nayo ilikuwa na Sauti ya TANU tangu 1957, na mhariri wake alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Sauti, baragumu, ngurumo. Nchi ilikuwa imechoka kusimuliwa, sasa ilitaka kusikika.

Hapo kwenye Sauti ya TANU simameni kidogo, kwa sababu tutarudi. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshitaki Mwalimu kwa makala iliyowalaumu maofisa wa wilaya. Jina la gazeti lilikuwa la chama chenye wanachama wengi, lakini mahakamani alisimama mtu mmoja. Akapatikana na hatia, akaambiwa alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ililipwa. Sauti ilikuwa ya TANU, ila wa kuulizwa alijulikana ni nani.

Baada ya hapo mnajua. Uhuru likaja 1961, Mzalendo likaja 1972, na mwaka huohuo The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News.

Nikaruka mpaka miaka ya 1980, kwa watu wa aina yangu hasa, yaani waandishi waliojiajiri. Elvis Musiba, yule wa Willy Gamba, vitabu vyake kadhaa vilitoka chini ya jina la Continental Publishers. Ben Mtobwa yeye alitumia Heko. Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaandaa hoja kwamba jina la Kiingereza haliuzi. Nikalazimika kuifuta. Vijana wa enzi ile walivisoma vya Continental na vya Heko mpaka vikachakaa, na sidhani kama kuna aliyeuliza maana ya jina lililoko chini ya jalada. Msomaji alimtafuta Musiba, akamtafuta Mtobwa. Kumbe tumerudi kwa Kijuma.

Na kuna somo la miaka ya 1990 ambalo mtu wa gazeti halisahau. Mwaka 1993 lilianza Rai, chini ya Habari Corporation, na mmoja wa waasisi alikuwa Jenerali Ulimwengu. Liliheshimika sana. Baadaye kampuni ikapata wenyewe wengine. Ulimwengu na wenzake walipotaka kuandika tena pamoja, hawakuweza kurudi na jina lile. Mwaka 2007 tukapata Raia Mwema. Jina la biashara ni mali, wadau. Linauzwa, linanunuliwa, linabaki nyumbani wewe ukiwa umeshatolewa nje na sufuria zako.

Mpaka hapo nilikuwa nimejaza kurasa sita za daftari na kisanduku cha BRELA kilikuwa bado kitupu. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Kwa nini serikali inataka tusajili majina kwanza? Kama nataka kujiita Simba wa Yuda au Chungwa Bovu, inamhusu nini?

Jibu linatupeleka Uingereza mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huo Bunge lao lilipitisha sheria ya kusajili majina ya biashara. Moja ya sababu kubwa ilikuwa hofu kwamba watu wa mataifa adui, Wajerumani hasa, wangeweza kuuza na kununua wakiwa nyuma ya jina la Kiingereza safi kabisa. Sheria ikasema: ukifanya biashara kwa jina lako halisi, endelea. Ukitumia jina jingine, uje uandikishe wewe ni nani, ili mtu yeyote akitaka kujua nani yuko nyuma ya kibao ajue. Mwaka huohuo, Septemba, majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam na kuwatoa Wajerumani. Waingereza wakaja na sheria za mtindo wao, na sheria yetu ya majina ya biashara, Sura ya 213, ni ya ukoo huohuo. BRELA, iliyoanza 1999, ndiyo inayotunza daftari hilo.

Kwa hiyo daftari lile halikuwekwa kwa ajili ya kulinda jina lako tu. Liliwekwa ili usiweze kujificha.

Niliposoma hapo nikafunga kompyuta. Sasa niwaambie kilichonikalisha saa nne mbele ya kisanduku.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na jina. Sikulisajili. Lilikuwa la maneno matatu ya Kiingereza, moja likiwa Global, na nililiweka juu ya ankara nilizotengeneza mwenyewe. Nililipenda kwa sababu moja tu: lilinificha. Pale kazini hakuna aliyejua. Wateja walidhani wanaongea na ofisi yenye watu kumi. Mtu akipiga simu nilikuwa nasema "ngoja niulize idara ya uandishi", nakohoa kidogo, halafu naendelea.

Siku moja kampuni fulani ikanipa kazi ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Walikuwa wamekabidhi kisima chenye pampu kwenye kijiji kimoja, wakataka ulimwengu ujue. Wakanitumia picha na maelezo, nikaandika, wakanilipa shilingi 150,000. Sikwenda kijijini. Sikuambiwa niende.

Siku tatu baadaye niko kwenye meza yangu gazetini, mhariri wa habari ananiletea karatasi. "Hebu igeuze hii iwe habari, nafasi ipo ukurasa wa ndani." Ilikuwa taarifa yangu. Hata kosa la nukta lilikuwa langu.

Ningeweza kusema pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu: "Mkuu, hii nimeiandika mimi, mpe mwingine." Sikuisema. Nikabadili aya mbili, sikumpigia mtu yeyote, nikairudisha baada ya dakika ishirini na kusifiwa kwa kasi yangu. Ikatoka kesho yake. Juu yake paliandikwa Na Mwandishi Wetu.

Wiki ile ile simu ikapigwa chumba cha habari na nikaipokea mimi. Alikuwa mama mmoja wa kijiji kile, sauti ya taratibu, wala hakutukana. Alisema mjukuu wake amemsomea gazeti. Alisema kisima kilitoa maji siku ya wageni na siku nne baada ya hapo, kisha pampu ikafa, na wao wameshasoma kwenye gazeti kwamba tatizo lao la maji limekwisha. Aliogopa kwamba sasa hakuna atakayekuja tena, kwa sababu imeandikwa. Halafu akauliza, "Mwanangu, huyu Mwandishi Wetu ni nani? Nataka kuongea naye."

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nitamfikishia ujumbe."

Namba yake niliiandika kwenye daftari. Sikuipiga.

Sasa mnaelewa kwa nini Global na International zinanikaa vibaya. Tatizo halikuwa Kiingereza. Musiba alikuwa na Continental na hakuwahi kujificha nyuma yake, jina lake lilikuwa juu ya jalada kwa herufi kubwa. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimejivika majina mawili, moja la kulipwa na moja la kuchapisha, na katikati ya hayo mawili hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mteja wangu wa sasa, mzee mmoja wa Temeke aliyefanya kazi bandarini zaidi ya miaka thelathini kama karani wa kuhesabu mizigo. Anataka wajukuu wake wawe na kitabu kidogo cha maisha yake. Nikamsalimia, akanikaribisha chai, nikamweleza habari ya jina. Alicheka sana.

"Sisi makarani hatukuwa na shida hiyo," akasema. "Meli inashusha magunia, wewe umesimama na karatasi yako, unapiga mistari. Ukimaliza unaweka jina lako chini. Magunia yakipungua huko mbele hawaiulizi bandari, wanasema, mwiteni aliyeandika hapa."

"Uliwahi kuitwa, baba?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekosea mimi. Mara ya pili aliyeiba alikuwa mwingine. Zote mbili nilikwenda."

Nikarudi nyumbani na neno hilo, karani. Ukilitazama limetembea kuliko sisi sote. Limevuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara. Wakati wa Mjerumani lilikaa mezani pamoja na akida na jumbe, likiandika stakabadhi za kodi. Wakati wa Mwingereza, makarani na walimu ndio waliounda vyama vya kwanza vya Waafrika. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, alikuwa karani. Na sisi wa kizazi hiki tulikuwa makarani wa sensa mwaka 2022, tukiwa na vishikwambi na fulana, tunabisha hodi nyumba hadi nyumba. Nchi ikapata hesabu ya watu 61,741,120, na kwenye hesabu hiyo kuna kaya nilizoziandika mimi.

Karani hajifanyi mwenye habari. Mwenye habari ni yule anayesimulia. Karani anaandika alichoambiwa na alichokiona, haongezi magunia, na chini anaweka jina.

Nilipomwambia mama kwa simu, kimya kikatawala. Kisha: "Yaani nimeuza mahindi miaka mitatu, umepata shahada, unataka kujiita karani?" Nimemweleza habari ya Lamu, ya Bwana Fiah na ya sheria ya mwaka 1916. Amesema atalifikiria. Kwa mama yangu hiyo ni ndiyo, ila inakuja polepole.

Jumatatu nikafanya lililokuwa gumu kuliko kisanduku. Nikaingia kwa mhariri, nikafunga mlango, nikamweleza kila kitu, pamoja na shilingi 150,000. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama namba ya yule mama ninayo. Akatoa masharti matatu. Orodha ya wateja wangu ataiona yeye. Sigusi habari yoyote inayomhusu mtu aliyewahi kunilipa. Na kisima kile nakwenda mwenyewe, kwa nauli yangu.

Namba bado inapatikana. Safari hii nilijitambulisha. Mama yule hakushangaa, alisema tu, "Ndiyo wewe uliyepokea simu." Pampu ni mbovu mpaka leo. Alhamisi napanda basi la asubuhi, na habari itakayotoka itakuwa na jina langu juu yake, pamoja na mstari unaosema kwamba ile ya kwanza niliiandika mimi bila kufika.

Na kisanduku? Nimekijaza. Ni Karani, likifuatiwa na jina langu la ukoo, basi. Halina International. Nikikosea, hamtapata taabu ya kunitafuta.

Nikirudi nitawaambia nilichokikuta. Nawasilisha.